KELELE SIO NGUVU: HISTORIA YA MAFUNDI WALIOIFUNDISHA PIKIPIKI KUPANDA USAMBARA

Mtu yeyote aliyewahi kusimama pale Mombo, barabara ya Lushoto inapochepuka kutoka barabara kuu ya kwenda Arusha, anaijua sauti hii. Kijana wa boda anawasha chombo, anavuta mafuta mara mbili tatu, eksozi inapasuka kama baruti, kuku wa mama ntilie wanatawanyika. Halafu anaanza kupanda. Kona ya kwanza kelele ipo juu, kona ya tano kelele bado ipo juu, lakini pikipiki yenyewe inazidi kuwa nzito. Nyuma yake anakuja mzee wa makamo na SanLG iliyochakaa, kabeba abiria na kiroba, chombo kinanguruma chini chini tu. Kabla ya Soni mzee kashapita.

Vijana wanasema mzee ana dawa. Hana dawa. Ana fundi.

Na hicho alichofanyiwa na fundi kina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Kimepitia Ujerumani, kikaenda Japani, kikapita China, mwisho kikakamilishwa na watu ambao majina yao hayapo kwenye kitabu chochote: mafundi wa pikipiki wa Lushoto, Soni, Bumbuli, Mlalo na Lukozi.

MLIMA UNAIBA MARA MBILI

Tuanze na mlima wenyewe, maana bila kuuelewa huwezi kuelewa kazi ya fundi.

Mombo ipo kama mita 400 kutoka usawa wa bahari. Lushoto mjini ni kama mita 1,400. Katikati yake ni barabara ya kilomita 33 hivi, iliyokatwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Wajerumani, ambao Lushoto waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Ukiendelea juu, msitu wa Magamba unapanda kupita mita 2,000. Yaani ndani ya safari moja fupi, chombo kinapandishwa kilomita nzima kwenda juu.

Sasa injini haili petroli peke yake. Inakula hewa na petroli, na hewa ndiyo nyingi zaidi: kila gramu 1 ya petroli inataka karibu gramu 15 za hewa. Ukipanda mlima, hewa inakuwa nyepesi. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita 300 unazopanda injini inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake. Kutoka Mombo hadi Lushoto hiyo ni asilimia 10. Kwahiyo pikipiki ya 125 yenye nguvu za farasi 11, farasi mmoja anagoma kupanda. Anabaki Mombo anakula majani.

Huo ndio wizi wa kwanza, na hauna tiba ya bei rahisi. Wizi wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Kabureta haijui kwamba umepanda mlima. Hewa inapungua, lakini petroli inaendelea kumwagika karibu kiasi kile kile cha Mombo. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inajaa masizi, injini inakohoa kwenye kona kali, mafuta yanaisha haraka. Dereva anadhani pikipiki imechoka. Kumbe imelishwa kupita kiasi huku imebanwa pumzi.

Wizi wa kwanza ni wa Mungu na milima yake. Wa pili unatibika, na hapo ndipo historia ya fundi inapoanzia.

KUTOKA MABEGANI HADI KWENYE MAGURUDUMU

Reli ya Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Mzigo ulifika kwa treni mpaka hapo, na kutoka hapo kwenda juu ilikuwa kazi ya miguu na mabega ya watu. Wasambaa walishaijua siri ya mlima zamani: hupandi kwa kukimbia, unapanda kwa hatua fupi. Hiyo hatua fupi tuiweke akiba, tutaihitaji mbele.

Wakati huo pikipiki ilikuwa bado kitu kipya hata Ulaya. Ile ya kwanza kabisa ya petroli, iliyotengenezwa na Gottlieb Daimler huko Ujerumani mwaka 1885, ilikuwa na nusu tu ya nguvu ya farasi mmoja. Isingetoka hata kona ya kwanza ya Mombo. Lakini ndani ya miaka 30 chombo hicho kilishakuwa cha vita. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Jan Smuts lilipoteremka na bonde la Pangani kuwafukuza Wajerumani, lilikuwa na waendesha pikipiki wa kupeleka taarifa. Mwezi Juni mwaka huo Wilhelmstal ikaangukia mikononi mwa Waingereza.

Miongo mingi iliyofuata pikipiki ilibaki kuwa mali ya wachache: afisa, mmisionari, mwenye shamba. Mwananchi alipanda mlima kwa miguu, au kwa basi na lori mambo yakinyooka.

TUMBO LA EKSOZI

Hapa inabidi tutoke Usambara kidogo twende Ujerumani Mashariki, kwenye mji mdogo wa Zschopau, kilipokuwa kiwanda cha pikipiki cha MZ. Miaka ya 1950 alikuwepo mhandisi anaitwa Walter Kaaden. Kiwanda hakikuwa na pesa kama wenzake wa magharibi. Alichokuwa nacho jamaa ni akili na sikio.

Kaaden alishughulika na injini za tustroki, zile ambazo oili inachanganywa na petroli. Tatizo la injini hizo ni kwamba mlango wa kutolea moshi unabaki wazi wakati hewa mpya yenye petroli inaingia, kwahiyo nyingine inatorokea nje kabla haijaungua. Wengine walishaanza kujaribu mabomba yenye umbo tofauti. Yeye akalichukua wazo akalipima kwa mitambo mpaka akalielewa kabisa.

Ni hivi. Moshi unapotoka kwenye silinda unatoka na wimbi la msukumo. Wimbi likifika bomba linapotanuka, linarudisha mvuto unaofyonza moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya. Likifika bomba linapobana tena, linagonga na kurudi kama ngumi, na ile hewa iliyotaka kutoroka inarudishwa ndani ya silinda kabla mlango haujafungwa. Ni mwangwi. Mtoto akiita upande huu wa bonde, sauti inagonga ng'ambo inamrudia. Kaaden aliufanya mwangwi ufanye kazi, na akaupigia hesabu urudi kwa wakati wake.

Matokeo yake, kufikia 1961 injini yake ndogo ya 125 ilikuwa inatoa nguvu za farasi 25. Zidisha kwa nane upate lita moja: farasi 200 kwa lita, kitu ambacho injini isiyosukumiwa hewa kwa mtambo ilikuwa haijawahi kufikia.

Halafu ikaja sinema. Septemba 1961, mwezi mmoja tu baada ya ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, dereva nyota wa MZ, Ernst Degner, alitoroka akiwa kwenye mashindano Sweden. Hakuondoka mikono mitupu: kichwani alikuwa na siri za Kaaden, akazipeleka Suzuki, Japani. Mwaka uliofuata Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa daraja la 50, na aliyekuwa juu ya kiti ni Degner huyo huyo. Kaaden alibaki Zschopau na kiwanda chake.

Kuanzia hapo Wajapani walilitia lile tumbo kwenye pikipiki za tustroki za kila aina, mpaka zile za kuuzwa kwa mkulima. Na ndivyo kitu kilichopimwa na kueleweka Zschopau kilivyokuja kupanda Usambara.

ENZI ZA MABWANA SHAMBA

Mwaka 1981 ulianza Lushoto mradi wa SECAP, wa Tanzania na Ujerumani, wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kupanda miti. Miaka hiyo ya miradi, pikipiki ya kijijini ilikuwa mara nyingi ya bwana shamba, ya padri au ya mganga wa zahanati. Tustroki za Kijapani, nyembamba, tairi za vipara, eksozi imevimba tumbo.

Mafundi waliozishika hawakuwahi kusikia jina la Kaaden. Walijifunza kwa kuharibu. Mtu alikuja na eksozi iliyoziba kwa masizi ya oili, fundi akaikata ile sehemu ya tumbo akaunga bomba lililonyooka, akidhani amemrahisishia kazi. Pikipiki ikatoa sauti kali na kushindwa kupanda. Ikabidi tumbo lirudishwe, safari hii limechomwa moto kutoa masizi ndani. Somo likaeleweka bila kitabu: bomba sio tundu la kutolea moshi tu, ni sehemu ya injini.

Zikawa na hatari nyingine ambayo mlima uliifundisha kwa ukali. Tustroki ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli inapata oili pale tu inapopata petroli. Ukiteremka kona kwa kona umefunga mafuta, injini inazunguka kwa kasi huku haipati oili ya kutosha. Pistoni inakauka, inang'ang'ania, tairi la nyuma linagoma ghafla, na pembeni yako kuna korongo. Ndiyo maana dereva mzoefu wa tustroki akiteremka husikika akibana klachi na kuigusia mafuta kidogo kila baada ya muda. Watu walidhani anaringa. Alikuwa anainywesha.

MCHINA AKALETA USAFIRI KWA WOTE

Mwaka 1976 Honda ilitoa pikipiki iliyobadilisha maisha ya watu masikini duniani kote: CG125. Kabla ya kuitengeneza, kampuni ilituma wahandisi nchi zinazoendelea wakaone pikipiki zinatumikaje. Wakakuta zinabebeshwa mzigo kupita kiasi na hazifanyiwi sevisi. Wakaunda injini ya fostroki inayovumilia hayo yote, valvu zake zikisukumwa na fimbo, rahisi kufungua na kufunga. Viwanda vya China vikaja kuinakili kwa wingi, na watoto wake ndio hao wanaojaa vijiweni, wakipambana sasa na Boxer na TVS za Kihindi.

Neno boda boda lenyewe lilitoka mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye baiskeli za kuvushia watu. Tanzania, mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, wakati huo chini ya SUMATRA, na boda ikatambulika rasmi kama usafiri wa abiria.

Kwa Usambara hii haikuwa fasheni. Kijiji kilichokuwa saa tatu kwa miguu kikawa dakika arobaini. Mama mjamzito akafikishwa hospitali usiku. Kabichi, karoti na viazi vikafika sokoni kabla havijanyauka. Na kijana asiye na shamba akapata kazi, mara nyingi kwa mkataba: chombo cha tajiri, yeye anapeleka hesabu kila wiki mpaka siku atakapokabidhiwa kadi.

Chombo kikawa kimoja, ila mlima ukabaki ule ule. Pikipiki iliyopangwa kiwandani kwa nchi ya tambarare ikatakiwa kupanda Soni na mishikaki mgongoni. Fundi akaingia kazini.

ALICHOFANYA FUNDI

Kazi yake ukiiangalia haina mbwembwe hata kidogo.

Kwanza kabureta. Anabadilisha jeti kubwa anaweka yenye tundu dogo zaidi, au anaishusha sindano ngazi moja, ili petroli ipungue ilingane na hewa ya juu. Pasipo na jeti ya kununua, wapo wanaopitisha uzi mmoja wa waya wa shaba kwenye tundu kulipunguza. Mashine yake ya kupimia ni plagi. Ikitoka nyeusi yenye masizi, petroli bado nyingi. Ikitoka nyeupe kama mfupa, petroli ni chache na injini inaungua. Ikitoka rangi ya kahawia, kama biskuti, hapo ndipo.

Pili valvu. Kwenye ukoo wa CG125 nafasi inayotakiwa ni milimita 0.08, unene kama wa unywele. Ikibana sana valvu haifungi vizuri na nguvu inavuja. Watu wengi wanaolia kwamba pikipiki haina nguvu wanadaiwa marekebisho ya dakika kumi tu.

Tatu eya klina. Vumbi jekundu la Usambara likijaa pale, umeziba pua ya kiumbe ambaye tayari anahema.

Nne, na hii ndiyo siri ya yule mzee wa SanLG, ni spoketi. Tuseme ya mbele ina meno 15 na ya nyuma 42. Fundi anatoa ya mbele anaweka ya meno 14. Jino moja tu. Lakini mvuto kwenye tairi unaongezeka kwa asilimia 7, karibu unamrudisha yule farasi aliyebaki Mombo. Bei yake ni kwamba mwendo wa mwisho unapungua. Kwani nani anauhitaji mwendo wa mwisho kati ya Soni na Lushoto? Hatua fupi, kama wale wapagazi wa zamani.

Na mwenye pesa anayetaka nguvu ya kweli anachonga bloku. CG125 ina pistoni ya milimita 56.5, ukiweka ya 62 kwenye kina kile kile unapata 150. Hiyo ni nguvu inayopimika. Haihitaji kupigiwa kelele.

KUTOBOA EKSOZI

Sasa turudi kwa kijana wa Mombo. Yeye katoboa sailensa, kaondoa vizibo vya ndani, na kwa bahati mbaya hajadanganywa kabisa. Alipotoboa akiwa Lushoto aliona tofauti kweli! Injini ilichangamka. Hapa ndipo ubishi wa vijiweni unapoanzia, na kila upande una ushahidi wake.

Kilichotokea ni hiki. Pikipiki yake ilikuwa na petroli nyingi kuliko hewa, kama kila pikipiki inayopanda bila kurekebishwa. Alipofungua eksozi, injini ikaanza kupumua zaidi, mchanganyiko ukawa mwepesi, ikakaribia pale ambapo fundi angeifikisha kwa jeti. Akadhani ameongeza nguvu, kumbe amerekebisha kabureta kwa kutoboa bomba. Halafu akashuka Mombo, kwenye hewa nzito na joto la tambarare. Kule mchanganyiko ukawa mwepesi kupita kiasi. Plagi nyeupe. Injini inachemka, valvu ya moshi inaungua polepole, na siku moja pistoni inatoboka akiwa na abiria.

Na ile milio ya risasi anayojivunia wakati wa kuteremka ni petroli isiyoungua kwenye silinda inayoenda kulipuka kwenye bomba. Yaani ni hela yake, tena ya hesabu ya tajiri, inapasuka hewani. Wahenga walishasema debe tupu haliachi kuvuma.

Maongezi ya fundi na kijana wa aina hii yanajirudia karibu kila gereji.

"Fundi, mi nataka itoke mlio."

"Mlio wa nini, mwanangu? Abiria anapanda mlio?"

"Inavuta fundi, nakwambia inavuta!"

"Inavuta ukiwa huku. Lete plagi tuione ukitoka Mombo."

Kijana akirudi na plagi, mjadala unaisha wenyewe.

KUPANDA NI NUSU YA SAFARI

Kuna jambo moja mafundi wa mlimani walilijua ambalo wapenda kelele hawalifikirii. Nguvu ya kupanda ina faida gani kama huwezi kushuka?

Lushoto kwenda Mombo ni mita 1,000 za kuteremka. Wapo wanaoweka gia huru, wengine wanazima kabisa, ili kuokoa petroli. Kwenye mteremko ule breki za ngoma zinapata moto na kuanza kuteleza, na mwisho dereva anashikilia usukani na dua. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na huku ukingo upo kweli, unaonekana kwa macho.

Ile spoketi ya meno 14 inafanya kazi hapo pia. Ukiteremka ukiwa kwenye gia, injini inaishikilia tairi kwa nguvu zaidi kuliko ya meno 15, breki zinapumzika. Jino lile lile lililokupandisha ndilo linalokuzuia usidondoke. Eksozi iliyotobolewa haina msaada huo. Inakutangaza tu.

Walter Kaaden ameandikwa kwenye historia, na anastahili. Alionyesha kwamba bomba la moshi ni kitu cha kupimwa, sio cha kukatwa kwa hasira. Mafundi wa Usambara waliufikia ukweli huo huo kwa plagi, uzi wa waya na sikio, wamekaa kwenye kigoda mbele ya kopo la petroli. Hakuna ubingwa wa dunia waliopewa. Lakini kila mama aliyefikishwa wodini usiku, kila kijana aliyekabidhiwa kadi ya pikipiki yake akiwa na viungo vyote, hapo kuna mkono wa mtu mmoja mwenye oili kwenye kucha, ambaye abiria hakuwahi hata kumuuliza jina.

Yule mzee wa SanLG jina la fundi wake analijua. Na akikuta kijana kaegesha njiani, injini imechemka, eksozi bado inatoa moshi, husimama. Anampa lifti mpaka Soni, mpaka kwa fundi huyo.